Mlango wa pamoja usiojifunga: Kasoro ndogo inayohatarisha jumba zima

MLANGO mkuu wa jumba la ghorofa unapogonga fremu kwa kishindo usiku wa manane, wapangaji hugeuka kitandani, wakamlaani aliyepita, kisha wakarudi usingizini. Unapokosa kujifunga na kubaki wazi hadi alfajiri, hakuna anayeamka wala kulalamika. Ilhali kati ya hali hizo mbili, ni hiyo ya pili inayohatarisha zaidi mali na maisha ya wote wanaoishi humo.

Aghalabu chanzo cha hali zote mbili ni kifaa kimoja: kisanduku cha chuma chenye mkono uliokunjika, kilichopachikwa juu ya mlango ili kuufunga polepole baada ya kila anayepita. Mafundi na wauzaji wa vifaa vya ujenzi hukiita 'kloza'. Kwa Kiswahili chepesi, ni kifunga-mlango.

Katika nyumba ya mtu binafsi, kifaa hiki kikiharibika mwenyewe hulazimika kukishughulikia. Katika jumba la wengi mambo huwa tofauti. Mpangaji hudhani hiyo ni kazi ya keateka, keateka humsubiri wakala, wakala humsubiri mwenye jumba, naye mwenye jumba hana habari kwamba kuna kasoro. Miezi hupita, mlango ukishikiliwa kwa tofali mchana na kuachwa wazi usiku.

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya kasoro hizi hurekebishwa kwa bisibisi na dakika chache za uangalifu. Zile zisizorekebishika hutambulika kwa dalili zilizo wazi, na dawa yake ni kununua kifaa kipya kinachoufaa mlango wenyewe.

MOSHI HAUBISHI HODI

Umuhimu wa mlango kujifunga ulidhihirika kwa uchungu mkubwa jijini New York, Marekani, mnamo Januari 9, 2022. Hita ya umeme ilisababisha moto katika nyumba moja ya jumba la ghorofa 19 mtaani Bronx. Moto wenyewe haukuenea mbali. Uliishia katika nyumba hiyo na ushoroba wa karibu. Hata hivyo, watu 17 walifariki, wakiwemo watoto wanane. Wengi wa walioathiriwa walikuwa wa familia zenye asili ya Gambia.

Waliofariki waliuawa na moshi. Wakuu wa zimamoto walieleza kwamba waliokuwa katika nyumba hiyo walipokimbia, mlango uliopaswa kujifunga wenyewe ulibaki wazi. Mlango mwingine wa ngazi katika ghorofa ya juu pia ulikuwa wazi. Moshi ulipata njia, ukapanda kwa ngazi zile zile ambazo watu walizitegemea kushukia. Sheria ya jiji hilo ilikuwa tayari inataka milango ya aina hiyo ijifunge yenyewe.

Zaidi ya miaka minne awali, Juni 14, 2017, moto uliteketeza jumba la Grenfell Tower jijini London na kuwaua watu 72. Chanzo kikuu cha kuenea kwa moto huo kilikuwa vifaa vilivyofunika kuta za nje. Hata hivyo, tume iliyochunguza mkasa huo iligundua pia kwamba milango mingi ya nyumba za humo haikuwa na vifaa vya kuifunga vinavyofanya kazi, jambo lililousaidia moshi kuingia ushorobani.

Kufuatia mapendekezo ya tume hiyo, kanuni mpya zilianza kutekelezwa Uingereza mnamo Januari 23, 2023. Katika majumba ya makazi yanayozidi urefu wa mita 11, milango ya kuzuia moto iliyo katika sehemu za pamoja sharti ikaguliwe kila baada ya miezi mitatu. Milango ya kuingilia nyumba zenyewe nayo hukaguliwa angalau mara moja kwa mwaka. Kifunga-mlango ni miongoni mwa vitu vinavyokaguliwa.

Moshi wa Nairobi, Mombasa au Eldoret hauna tabia tofauti na ule wa New York. Hupanda, na njia yake rahisi zaidi katika jumba lolote ni ngazi. Mlango wa ngazi uliofungika barabara huuchelewesha, na dakika chache za kuchelewa huko ndizo watu huzitumia kujiokoa. Tena, kabla hata ya kuufikiria moto, mlango mkuu usiofungika ni mwaliko kwa mwizi. Jumba linaweza kuajiri bawabu na kufunga kitasa cha sumaku cha bei ghali, lakini kitasa hicho hakina kazi ikiwa mlango umesimama inchi mbili kabla ya kukifikia.

NAMNA KIFAA KINAVYOFANYA KAZI

Ndani ya kile kisanduku mna vitu vitatu vikuu: springi, pistoni na mafuta. Mtu anapoufungua mlango, mkono wa kifaa huzungusha gia ndogo, nayo gia husukuma pistoni inayoibana springi. Nguvu ya mfunguaji huwa imewekwa akiba humo. Anapouachilia mlango, springi hutanuka, ikairudisha pistoni na kuufunga mlango.

Lau springi ingeachiwa peke yake, mlango ungejibamiza kila mara. Hapo ndipo mafuta yanapohitajika. Pistoni hairudi bila kuyapenyeza mafuta katika vijia vyembamba, na wembamba wa vijia hivyo huamua kasi ya mlango. Kwa ufupi, springi husukuma na mafuta huzuia. Mlango unaogonga kwa kishindo mara nyingi umepoteza kizuizi, na ule usiofika mwisho umepungukiwa na msukumo au umekwama mahali.

Vijia hivyo hudhibitiwa na skrubu ndogo zinazoonekana ubavuni au mwishoni mwa kisanduku, wakati mwingine chini ya kifuniko cha plastiki. Vifaa vingi vina skrubu mbili. Ya kwanza hudhibiti mwendo wa mlango kutoka ulipofunguliwa hadi karibu na fremu. Ya pili hudhibiti hatua ya mwisho, yaani digrii 10 hadi 15 za mwisho, pale ulimi wa kitasa unapohitaji kusukumwa uingie katika tundu lake. Baadhi ya vifaa vina skrubu ya tatu, ambayo huuzuia mlango usirushwe na upepo au mkono wenye pupa ukagonga ukuta wakati wa kufunguliwa.

CHUNGUZA MLANGO KABLA YA KULAUMU KIFAA

Kosa la kawaida ni kununua kifaa kipya ilhali cha zamani hakina ila. Mlango unaweza kukataa kufungika kwa sababu bawaba zimelegea na ukalala upande, kwa sababu mbao zimevimba wakati wa masika, au kwa sababu zulia limewekwa upya na linaushika kwa chini. Ulimi wa kitasa nao huenda umepishana na tundu lake kwa milimita chache tu.

Uchunguzi huanza kwa macho. Je, skrubu zinazokishikilia kisanduku na mkono wake zimekaza? Je, mkono umepinda? Je, kuna mafuta yanayochirizika mlangoni au matone sakafuni? Katika miji ya Pwani, chumvi ya bahari huleta kutu katika maungio ya mkono, kwa hivyo ni muhimu kuangalia iwapo yanazunguka bila kusita.

Kisha mlango ufunguliwe na kuachiliwa mara tatu: kwanza kwa digrii 90, pili nusu ya hapo, na tatu kwa upana wa kiganja tu. Mlango wenye afya hujifunga kutoka pote patatu na kuufikisha ulimi wa kitasa tunduni bila kusaidiwa. Ule unaofaulu kwa digrii 90 lakini ukashindwa kwa upana wa kiganja unategemea mbio zake, na siku mbio hizo zitakapopungua utabaki wazi.

Jaribio la kukata shauri ni kuutenganisha mkono wa kifaa na fremu, kazi inayotaka tahadhari kwa sababu mkono huo unaweza kuruka kwa nguvu ya springi. Baada ya hapo mlango usukumwe polepole kwa mkono. Ukiwa mzito, ukikwaruza au ukikataa kuingia katika kitasa, basi ila iko katika bawaba, fremu au kitasa. Hapo skrubu za bawaba zikazwe, ukingo unaogusa upigwe randa, au kibati cha kitasa kisogezwe. Iwapo mlango unateleza vizuri bila kifaa, lakini unasumbua kikirudishwa, basi mshukiwa amepatikana.

Upepo pia usisahaulike. Dirisha la ngazini lililo wazi ng'ambo ya mlango mkuu linaweza kuusukuma mlango ukagonga au ukazuiliwa usifungike. Baridi ya Julai nayo huyafanya mafuta kuwa mazito kiasi, na mlango uliokuwa ukifunga vyema Februari ukaanza kujikokota. Hizi si ishara za kuharibika bali za kuhitaji marekebisho madogo.

KUREKEBISHA KASI

Kabla ya kugusa skrubu yoyote, ni busara kuweka alama ya kalamu inayoonyesha ilipokuwa, ili kazi ikiharibika pawepo pa kurudia. Bisibisi ndogo au spana ya pembe sita yenye umbo la herufi L ndiyo hutumika, kutegemea aina ya kifaa.

Katika vifaa vingi, kuizungusha skrubu kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa hupunguza kasi, na kuizungusha kinyume chake huiongeza. Skrubu izungushwe kidogo mno kila mara, moja kwa nane hadi robo ya mzunguko, kisha mlango ujaribiwe kabla ya kuendelea. Fundi mwenye haraka huizungusha mara mbili au tatu, akashangaa kuona mlango umesimama kabisa au umeanza kujibamiza kuliko awali.

Skrubu hizi hazipaswi kamwe kufunguliwa hadi zitoke. Nyuma yake mna mafuta yenye shinikizo; zikitoka, mafuta humrukia fundi na kifaa huwa kimekwisha. Ni kwa sababu hiyo kazi hii haifai kuachiwa mtoto au mtu anayebahatisha.

Mwendo wa kwanza ndio urekebishwe mwanzo. Kanuni za Marekani za mwaka 2010 kuhusu majengo yanayofikiwa na watu wenye ulemavu zinataka mlango wenye kifaa hiki uchukue angalau sekunde tano kutoka digrii 90 hadi digrii 12. Kipimo hicho kinafaa pia katika jumba ambamo mna wazee, akina mama waja wazito, watoto na watu wanaotembelea magongo au viti vya magurudumu. Mlango wenye kasi ya kupita kiasi unaweza kumwangusha ajuza au kukibana kidole cha mtoto.

Hatua ya mwisho ndiyo hufuata. Lengo ni mlango uongeze msukumo kidogo tu, wa kutosha kuusukuma ulimi wa kitasa, bila mshindo. Ikiwa hatua hii imefunguliwa vya kutosha lakini bado ulimi hauingii, nguvu ya springi yenyewe yaweza kuongezwa katika vifaa vilivyo na skrubu ya kazi hiyo. Isiongezwe kuliko inavyohitajika, kwa maana kila nguvu inayoongezwa katika kuufunga mlango atailipa yule anayeufungua.

WAKATI WA KUKIBADILISHA

Dalili moja haina mjadala: mafuta yakivuja, kifaa hakina maisha tena. Vifaa vya siku hizi hufungwa kiwandani, na sili yake, yaani mpira unaozuia mafuta, ikishaharibika hakuna mahali pa kujazia. Kumimina mafuta ya injini juu yake au kuzikaza skrubu zaidi ni kupoteza wakati. Mafuta yaliyomwagika yafutwe mara moja, kwani sakafu yenye utelezi mbele ya ngazi inaweza kumvunja mtu nyonga.

Dalili nyingine ni mlango unaojibamiza hata baada ya skrubu za kasi kufungwa zote, springi isiyokuwa na nguvu tena, kisanduku kilichopasuka, na mkono uliopinda au kulegea kwenye gia yake. Kukifungua kisanduku ili kuitengeneza springi ni hatari; springi hiyo imebanwa kwa nguvu nyingi na inaweza kumjeruhi anayeifungua.

Wapo wanaoshangaa kwamba kifaa kilichonunuliwa juzi kimeharibika. Hesabu ndogo inaweza kuwafumbua macho. Kiwango cha Ulaya kinachojulikana kama EN 1154 hutaka kifunga-mlango kihimili majaribio ya kufungua na kufunga mara 500,000. Tuseme jumba lina familia 20, na kila familia huupita mlango mkuu mara 25 kwa siku, wageni na wachuuzi wakihesabiwa. Hizo ni mara 500 kwa siku. Kwa hesabu hiyo, mara 500,000 hutimia kwa siku 1,000, yaani chini ya miaka mitatu. Kifaa dhaifu kisichopimwa kwa kiwango chochote hakiwezi kutarajiwa kufika huko.

KUCHAGUA KINACHOFAA

Bei isiwe kigezo cha kwanza. Kiwango hicho cha EN 1154 hugawa vifaa kwa nguvu, kuanzia nambari 1 hadi 7, kulingana na upana na uzito wa mlango. Nambari 2 inafaa mlango wa upana wa hadi milimita 850 na uzito wa kilo 40. Nambari 3 ni ya milimita 950 na kilo 60, nambari 4 ni ya milimita 1,100 na kilo 80, na nambari 5 ni ya milimita 1,250 na kilo 100. Mlango wa kuzuia moto hauwekewi kifaa kilicho chini ya nambari 3.

Upana na uzito wa mlango unapoangukia nambari tofauti, ile kubwa ndiyo huchukuliwa. Mlango unaopigwa na upepo mkali nao huhitaji nguvu zaidi. Vipo vifaa vinavyoweza kurekebishwa, mathalan kutoka nambari 2 hadi 4, na hivi humfaa mnunuzi asiye na uhakika wa uzito. Milango mingi ya majumba yetu ni ya chuma kilichochomelewa na mafundi wa jua kali, na uzito wake haulingani na ule wa mlango wa mbao wenye ukubwa sawa.

Anayekwenda dukani afike na vipimo: upana wa mlango, kimo cha fremu juu yake, na umbali kati ya matundu ya skrubu za kifaa cha zamani. Picha ya kifaa hicho kikiwa mahali pake humsaidia muuzaji kujua kama mlango huvutwa au husukumwa upande kilipo. Kikipatikana chenye matundu yanayolingana, kazi hupungua nusu.

Jambo jingine ni kuepuka kifaa chenye uwezo wa kuushikilia mlango wazi iwapo mlango huo ni wa kuzuia moto. Penye haja ya kuuacha wazi mchana, hutumika sumaku iliyounganishwa na king'ora cha moto, ambayo huuachilia mlango ujifunge mara king'ora kinapolia. Milango ya vioo ambayo vifaa vyake vimezikwa sakafuni ni kazi ya mafundi waliobobea, si ya mtu mwenye bisibisi.

KUKIPACHIKA

Kazi hii inahitaji watu wawili: mmoja wa kuushika mlango na kisanduku, mwingine wa kufungua na kufunga skrubu. Wapangaji waarifiwe mapema, na mlango uwekewe alama au msimamizi ili mtu asiufungue ghafla fundi akiwa juu ya ngazi yake.

Kwanza hutenganishwa mikono ya kifaa cha zamani, kwa tahadhari ile ile iliyotajwa. Pili huondolewa kisanduku, ambacho huwa kizito kuliko kinavyoonekana. Tatu, matundu yasiyotakikana tena katika mlango wa mbao huzibwa kwa vijiti na gundi ili skrubu mpya zishike mbao ngumu.

Ndani ya boksi la kifaa kipya aghalabu mna karatasi yenye mchoro wa kiasi halisi. Karatasi hiyo hubandikwa mlangoni na matundu yakatiwa alama juu yake. Haifai kutupwa, kwa maana tofauti ya sentimita moja hubadilisha pembe ya mkono na kuipunguza nguvu ya kifaa. Matundu hutobolewa kwa keekee. Mlango wa mbao hutiwa skrubu za mbao zilizokuja na kifaa. Wa chuma hutiwa skrubu za chuma zenye hesi, au bolti zinazopenya hadi upande wa pili. Kuchomelea kisanduku mlangoni ni kosa, kwa sababu moto wa kuchomelea huweza kuharibu sili na kuleta uvujaji.

Ikiwa mlango unaelekea nje, kisanduku hupachikwa upande wa ndani ili kisipigwe na mvua na kisifikiwe na waharibifu. Katika mpachiko wa kawaida, ambapo kisanduku kiko upande mlango unakovutiwa, mkono wa pili unaoungana na fremu husimama mraba na mlango ukiwa umefungwa. Mipachiko mingine ina pembe zake, na mchoro wa mtengenezaji ndio wa kufuatwa.

Baada ya kukaza kila skrubu, kasi hurekebishwa kama ilivyoelezwa, kisha mlango hujaribiwa mara 10 mfululizo. Kifaa kikaguliwe tena baada ya wiki moja, kwani skrubu mpya hulegea kidogo mlango unapozoea kazi.

YASIYOFAA KUFANYWA

Kabari, tofali, kiti cha bawabu na mtungi wa maji ni adui wa mlango unaojifunga. Kinachowekwa kwa dakika tano ili gari la kuhamisha vyombo lipakuliwe husahaulika hadi asubuhi. Vilevile, mlango ukilazimishwa kupita kikomo chake huvuta skrubu na kuupinda mkono.

Wapo wanaoondoa kifaa kibovu na kufunga ukanda wa mpira wa tyubu au springi tupu. Mbinu hiyo huufunga mlango, lakini hauna kizuizi. Huwabana watoto vidole na hatimaye huivunja fremu. Wapo pia wanaojibu kero ya mlango usiofungika kwa kuutia kufuli. Hilo ni hatari zaidi. Wakenya hawajasahau mkasa wa shule ya Kyanguli, Machakos, mnamo Machi 2001, ambapo wanafunzi 67 walifariki katika bweni lililochomwa, mlango wake mmoja ukiwa umefungwa kwa kufuli. Mlango wa dharura unapaswa kujifunga wenyewe, lakini daima ufunguke kwa urahisi kutoka ndani.

NANI ANAYEWAJIBIKA?

Kuhusu nyumba za kukodisha, Sheria ya Ardhi ya 2012 humtwika mkodishaji jukumu la kuzidumisha sehemu na njia za pamoja za jengo ambalo mpangaji amekodi sehemu yake tu. Mlango mkuu na milango ya ngazi ni ya kundi hilo. Ni vyema hata hivyo mpangaji ausome mkataba wake kabla ya kudai chochote.

Katika majumba ambamo kila mkazi amenunua nyumba yake, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020 huliachia shirika la wamiliki wote kazi ya kutunza mali ya pamoja. Gharama hutoka katika michango yao. Katika majengo ya ofisi na maduka, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 huwalazimu wasimamizi kuhakikisha njia za kutorokea moto hazizibwi na milango yake hufunguka upesi.

Malalamishi ya mdomo huyeyuka. Mpangaji anayetaka kusikizwa hana budi kuandika: ni mlango upi, kasoro ni ipi, ilianza lini, na nani mwingine ameishuhudia. Picha ya mafuta yanayovuja au video fupi ya mlango ukisimama kabla ya kufika mwisho haihitaji maelezo marefu. Nakala ihifadhiwe, na iwe na tarehe.

Mpangaji mwenyewe asikimbilie kukibadilisha kifaa bila idhini. Akikosea, mlango ukamwangukia au kumbana mtu, lawama itamwendea yeye. Idhini ikipatikana na gharama ikakubaliwa kuchangwa, mzigo huwa mwepesi. Iwapo, kwa mfano, kifaa na ufundi vitagharimu Sh6,000 katika jumba la familia 20, kila familia itatoa Sh300. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na fremu iliyong'olewa na mlango unaojibamiza hugharimu zaidi ya hapo.

Mwenye jumba au kamati yake ingefanya vyema kuweka daftari dogo la milango, likaonyesha tarehe ya ukaguzi wa kila baada ya miezi mitatu na kilichorekebishwa. Kati ya ukaguzi mmoja na mwingine, kila mkazi ana jaribio lake lisilohitaji fundi wala idhini: anapotoka asubuhi, aufungue mlango kwa upana wa kiganja, auachilie, na asimame kidogo asikilize. Akisikia mlio wa kitasa kikishika, aende zake kazini. Asipousikia, asiondoke kabla ya kuufunga kwa mkono na kumwarifu anayehusika.